Wasioitwa Kikaoni

Paukwa! Pakawa. Sogeeni, wanangu, mkae vizuri, maana hadithi ya leo ni ndefu na haina sungura wala fisi. Ina mlima, ina ng'ombe, ina moto, ina safari ya kwenda New York, na ina watu ambao wajukuu zao bado wanalima vitunguu na nyanya kulekule yalikotokea haya. Ni ya kweli. Ninaisimulia kwa sababu watoto wa rika lenu hupenda kuuliza dhuluma ni nini, na sisi watu wazima huwajibu harakaharaka, "ni kumfanyia mwenzako ubaya," kisha tukaendelea na kazi zetu. Jibu hilo ni fupi mno, na ubaya mkubwa kuliko wote hujificha nyuma yake.

Tazameni. Mvua ikikatika mwezi wa nne na mahindi yakakaukia shambani, familia italala na njaa, lakini hakuna wa kumshtaki. Hilo ni janga. Kijana mwenye misuli akikupora daftari njiani, huo ni uonevu. Unamjua jina, unajua kwao, na mwalimu mkuu atamwita. Lakini upo ubaya wa tatu, ambao mwalimu mkuu hauwezi. Huo huja na karatasi yenye muhuri. Anayeileta huenda ni mtu mpole, akakuamkia vizuri na akakupa pole. Ukimuuliza kwa nini, atasema si yeye, ni sheria. Ukimwendea aliyetunga sheria, atasema ameitunga kwa faida ya wote. Nawe utabaki umesimama nje ya nyumba yako, hujui umnyooshee nani kidole.

Huo ndio ninaotaka tuukamate leo.

Mlima wetu ni Meru, ule unaouona ukiwa Arusha mjini, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500. Upande wa kusini mvua haina uchoyo. Kuna migomba, kahawa, na maji yanayoteremka kutoka msituni. Upande wa kaskazini-mashariki, unaotazamana na Kilimanjaro, ni mkavu zaidi, lakini una malisho na una mto, na hapo ndipo ilipo Ngarenanyuki. Wameru ni wakulima na wafugaji. Migomba inawataka wawe juu, ng'ombe wanawataka washuke. Kwa hiyo mlima peke yake haukuwatosha, walihitaji na nyika inayouzunguka.

Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri, kwenye miteremko ya Meru. Kuua ni kuua, na waliouawa walikuwa na mama zao. Lakini serikali ya Wajerumani haikuridhika na kuwatafuta wauaji. Ilituma askari chini ya Kapteni Johannes, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakatwaliwa, na wakafa watu ambao hawakuwahi kumgusa mmisionari yeyote. Baada ya hapo ardhi ikaanza kukatwa. Wakaja walowezi, miongoni mwao Makaburu kutoka Afrika Kusini, wakapewa mashamba chini ya mlima, moja likipakana na jingine, mpaka Wameru wakajikuta wamezungukwa. Ukitaka kupeleka ng'ombe nyikani, sharti upite shamba la mtu. Watu wakaongezeka na mlima ukabaki uleule.

Vita Kuu ya Kwanza ikaja, Wajerumani wakashindwa, Waingereza wakashika nchi. Mashamba ya Wajerumani yakatwaliwa kama mali ya adui, yakauzwa. Hapa Wameru walifanya jambo ambalo naomba mlishike. Walichanga fedha wakanunua sehemu ya ardhi ya Ngarenanyuki. Fikirini hilo kidogo. Ardhi ya babu zao iliyochukuliwa bila senti, wao wanaitolea fedha ili wairudishe. Walilipa. Wakajenga, wakalima, wakafuga, wakazika wazee wao pale. Ukimzika mzazi wako mahali, mahali hapo hapawi tena pa kuhamahama.

Mwaka 1923 ikatungwa sheria ya ardhi. Iliiweka ardhi yote ya umma ya Tanganyika chini ya mamlaka ya Gavana, aigawe na kuisimamia kwa faida ya wenyeji wa nchi. Maneno mazuri sana, na mimi sina ugomvi na maneno hayo. Ugomvi wangu ni huu: nani ataamua faida ya wenyeji ni ipi? Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa mwaka 1926. Mwafrika wa kwanza kuingia humo aliingia mwaka 1945, na hata hapo walikuwa wawili tu, Chifu Abdiel Shangali na Chifu Kidaha Makwaia, nao waliteuliwa na serikali, hawakupigiwa kura na mtu. Hesabuni wenyewe. Ni miaka 19 ambayo faida ya Mwafrika ilijadiliwa na kupitishwa, na mwenyewe hayumo chumbani hata kwa bahati mbaya.

Sasa tufike kwenye kiini cha hadithi. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilimpa Jaji Mark Wilson kazi ya kuchunguza tatizo la ardhi la Arusha na Moshi. Ripoti yake ilitoka mwaka 1947. Lazima niwe mkweli kwenu: Wilson aliona kwamba Waafrika wa milima hiyo wamebanwa, na alipendekeza baadhi ya mashamba warudishiwe. Lakini alipendekeza pia kwamba mashamba ya Wazungu yakusanywe yawe kipande kimoja kisichokatizwa, katika ule ukanda wa Sanya ulio kati ya Kilimanjaro na Meru. Ukichora mstari huo kwenye ramani, unapendeza. Kuna doa moja tu linaloukatiza. Doa hilo ni Ngarenanyuki, na ndani ya doa hilo kuna watu wapatao 3,000.

Serikali ikaamua watu hao wahame, na ardhi yao igawiwe walowezi wa Kizungu wachache, mashamba 13, wafuge ng'ombe wa kisasa wa nyama na maziwa. Wameru wakaambiwa watapewa eneo jingine, King'ori, huko chini. Wakaambiwa litasafishwa mbung'o, litawekewa maji, na kila mtu atalipwa fidia ya nyumba yake na mazao yake. Serikali ilisema, na kwa hesabu za karatasi haikusema uongo, kwamba wanapewa ardhi ya kutosha kabisa.

Hapa wengi hukwama, hata watu wazima. Kama unapewa shamba kwa shamba, na fidia juu yake, unalia nini?

Nawajibu kwa muwa. Ndugu wawili wana muwa mmoja, na mkubwa ndiye mwenye kisu. Anaukata katikati, vipande viwili vya urefu mmoja sawasawa, anachukua cha shinani, anampa mdogo cha kileleni. Mdogo akilalamika, mkubwa analeta rula. Kweli, urefu ni sawa. Lakini kila mtoto aliyewahi kula muwa anajua sukari iko shinani na kileleni ni maji matupu. Mkubwa anajua, mdogo anajua, na rula haijui. King'ori ilikuwa chini, kwenye joto, kwenye malaria, na watu waliowajua ng'ombe wao kwa majina walijua pia ng'ombe hao wangefanyaje penye mbung'o. Wameru walisema hivyo. Walisema kwa maneno na wakasema kwa barua. Na hata kama King'ori ingekuwa imejaa asali, jambo moja lingebaki palepale: mwenye kisu ndiye aliyekata, ndiye aliyechagua kwanza, na ndiye aliyeleta rula ya kuthibitisha kwamba amekata vizuri.

Wameru wakakataa kuhama.

Tarehe 17 Novemba 1951 askari wakafika Ngarenanyuki. Watu wakatolewa majumbani mwao, vyombo vikatupwa nje, nyumba zikateketezwa ili mtu asirudi kulala. Mifugo ikaswagwa. Kazi hiyo haikuisha siku moja. Iliendelea siku baada ya siku, boma baada ya boma. Naomba msiipite sentensi hii upesi. Mwezi wa kumi na moja ndio mvua za vuli zinapotarajiwa kule, ndio mama anaanza kutazama mbegu. Mtoto wa umri wenu aliyekuwa amezoea kuamka na kwenda kufungulia ndama aliamka akakuta hakuna ndama, hakuna zizi, hakuna mlango.

Na walifanya nini? Sikilizeni, maana hapa ndipo ninapowapenda zaidi. Hawakushika mikuki. Jirani yao wa kaskazini, Kenya, alikuwa anakaribia kuingia katika vita vya Mau Mau, na wao pia wangeweza kuchukua njia hiyo. Wao walikataa fidia. Fedha ikatolewa, hawakuipokea. Ardhi ya King'ori ikawa tayari, hawakwenda kuikalia. Walikwenda kubanana na ndugu zao mlimani, familia mbili au tatu kwenye kihamba kimoja, yaani shamba moja la nyumbani, wakasema wataendelea kubanana mpaka waliochukua warudishe. Kupokea fedha ile kungekuwa kutia sahihi. Mtu maskini akikataa fedha ambayo ni haki yake kuipata, ameifanyia serikali jambo ambalo serikali haina sheria ya kulizuia.

Kisha wakafanya jambo ambalo mkoloni hakulitegemea kabisa. Wakamshtaki.

Mtauliza, wakamshtaki wapi, na mahakama ni zake? Swali zuri. Tanganyika haikuwa koloni kama nyingine. Baada ya vita vya pili iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Uingereza ikawa msimamizi tu, kama mjomba anayelea mali ya yatima hadi yatima akue. Msimamizi alipaswa kutoa hesabu mbele ya Baraza la Udhamini huko New York, na wenyeji waliruhusiwa kupeleka malalamiko yao moja kwa moja. Watu wengi hawakujua kama mlango huo upo. Wameru waliujua. Aliyewasaidia kuufungua alikuwa Earle Seaton, wakili mweusi aliyezaliwa Bermuda, kisiwa cha mbali katika Atlantiki, aliyekuwa akifanya kazi ya uwakili Moshi. Wameru wakachanga tena. Watu walewale waliowahi kuchanga kununua ardhi yao sasa wakachanga kwenda kuililia. Wakamchagua mwenzao, Kirilo Japhet, awe mdomo wao.

Mwaka 1952 Seaton na Kirilo walisimama mbele ya Umoja wa Mataifa. Hiyo ni miaka kama mitatu kabla ya Julius Nyerere kusimama mbele ya Baraza la Udhamini mwezi Machi 1955. Kirilo hakuwa chifu wala tajiri. Alikuwa mtu wa mlimani aliyetumwa na watu wa mlimani, na mbele yake wamekaa mabalozi wa mataifa ambayo mengine hayakujua Meru iko upande gani wa dunia. Akawaeleza habari za moto.

Uingereza nayo ikajitetea. Ufugaji wa kisasa utainufaisha Tanganyika nzima. Walioondolewa wamepewa ardhi, wamepewa fidia. Eneo dogo, watu wachache, faida kubwa. Nimeyatafakari maneno hayo mara nyingi, na naamini waliyoyasema waliyaamini. Hilo ndilo linalotisha. Mwizi wa kuku anajua kwamba ameiba, ndiyo maana anakimbia usiku. Hawa walikuja mchana, wakapanga foleni ya magari, wakaandika kila kitu kwenye daftari, kwa sababu machoni pao kulikuwa na mpango tu, na wizi haukuwapo.

Kamati ya Nne ya Baraza Kuu, ile iliyoshughulikia mambo ya udhamini, iliwasikiliza Wameru na kuwaunga mkono. Lakini ili azimio la kuwarudishia ardhi lipite kwenye Baraza Kuu lenyewe ilihitajika theluthi mbili ya kura, na theluthi mbili haikupatikana. Kwa hiyo Kirilo alirudi nyumbani mikono mitupu. Ningependa kuwaambia vinginevyo, ila hadithi ya kweli haimjali msimulizi.

Mikono mitupu, lakini mdomo haukuwa mtupu. Aliporudi mwaka 1953 alizungumza kwenye mikutano, na Watanganyika wa mbali na Meru wakasikia kwamba kuna mwenzao aliyemshtaki Mwingereza mbele ya dunia na akarudi salama. Ninyi mmezaliwa katika nchi huru, hamwezi kujua habari hiyo ilikuwa na uzito gani. Tarehe 7 Julai 1954 TANU, chama kilichopigania uhuru, ikazaliwa, na wanahistoria wanaitaja kesi ya Meru miongoni mwa mambo yaliyoamsha watu. Ule mradi wa ng'ombe wa kisasa haukustawi kama ulivyotangazwa, na Wameru wakairudia Ngarenanyuki. Mwaka 1967 Kirilo na Seaton wakachapisha kitabu kuhusu kesi yao. Siku hizi ukipita njia ya kuelekea lango la Hifadhi ya Taifa ya Arusha na maziwa ya Momella, ukaendelea mbele, utakuta mashamba ya nyanya yanayomwagiliwa, na matenga yamepangwa kando ya barabara yakingoja magari ya mjini.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, nanyi mngelala mkiwa na furaha, mkijua kwamba dhuluma ilikuwa ya Wazungu na waliondoka nayo. Siwezi kuwadanganya hivyo. Ongezeni kuni, twende upande wa pili wa nchi, ng'ambo ya Ziwa Viktoria.

Huko Muleba, mkoani Kagera, mwanamke mmoja wa Kihaya alirithi shamba kutoka kwa baba yake. Si kwa mabavu, baba mwenyewe alimwachia kwa wosia. Akazeeka, hana wa kumtunza, na mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo wao. Mpwa wake akaenda mahakamani. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kwa mila, shamba la ukoo mwanamke analitumia maisha yake yote lakini haliuzi. Mwanaume angeweza kuuza. Mahakama ya Mwanzo ikakubali, ikabatilisha mauzo.

Mila hiyo haikuwa maneno ya barazani tu. Ilikuwa imeandikwa. Mwaka 1963, miaka miwili baada ya uhuru, serikali yetu wenyewe ilichapisha Tamko la Sheria za Mila, na humo ndimo ilimowekwa kanuni kwamba mwanamke haruhusiwi kuuza ardhi ya ukoo, na kwamba mjane hana fungu katika urithi wa mumewe ikiwa mume ameacha jamaa wa ukoo wake. Atatunzwa na watoto wake, ndivyo kanuni inavyosema, kana kwamba kutunzwa na kuwa na chako ni kitu kimoja. Sasa niulizeni kanuni hizo zilitoka wapi. Zilitoka kwa wazee wa koo. Walioulizwa mila yenu ni ipi walikuwa, kwa sehemu kubwa kabisa, wanaume, na wakaieleza mila kama inavyoonekana kutoka kwenye kiti cha mwanaume. Hakuna aliyekwenda jikoni kumuuliza bibi kama na yeye anaikumbuka hivyohivyo.

Mnaliona? Karatasi ileile, muhuri uleule. Wameru waliambiwa ni kwa faida ya nchi. Mwanamke wa Muleba aliambiwa ni kwa faida ya ukoo.

Mama huyo hakukubali. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikampa haki, mpwa akakata rufaa, na tarehe 22 Februari 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akatoa hukumu yake. Alisema Katiba ya nchi, ambayo tangu mwaka 1984 ina sura ya haki za binadamu, inakataza ubaguzi, na Tanzania imeridhia mikataba ya kimataifa inayokataza kumbagua mwanamke. Kwa hiyo mwanamke anauza shamba alilorithi kama mwanaume anavyouza. Na jaji huyo hakuudharau ukoo. Mila ya Wahaya iliwaruhusu jamaa kulikomboa shamba la ukoo likiuzwa na mwanaume, basi akaamua jamaa waweze kulikomboa na hili pia, ndani ya muda maalumu, kwa bei ileile ya shilingi 300,000. Kama shamba la ukoo ni tamu hivyo, toeni fedha. Mimi naiona ni moja ya hukumu nzuri kuliko zote zilizowahi kuandikwa katika nchi hii, kwa sababu haikung'oa mila na kuitupa. Iliichukua mila ikamkalisha mwanamke ndani yake.

Lakini hukumu ya jaji mmoja haifuti kanuni iliyochapishwa, na kanuni ilibaki kitabuni. Wajane wawili wa Kisukuma, waliofiwa na waume zao mmoja mwaka 1999 na mwingine mwaka 2000, walitolewa kwenye nyumba zao pamoja na watoto wao. Mali ilisimamiwa na shemeji, kwa mujibu wa mila. Wakaenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ikasema, ndiyo, kanuni hizi zinabagua, tena kwa njia zaidi ya moja. Kisha ikakataa kuzifuta, ikihofia kwamba kufanya hivyo kungefungua mlango wa kubomoa mila za makabila yote. Wakakata rufaa. Wakangoja. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa yao kwa sababu ya kasoro ya tarehe kwenye hati ya amri. Tarehe, wanangu! Wajane wanalala kwa watu na shauri lao limeanguka kwa sababu ya tarehe ambayo si wao walioiandika.

Basi wakafanya alichofanya Kirilo Japhet. Wakapeleka shauri Umoja wa Mataifa, kwenye kamati inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Mwaka 2015 kamati ikasema wamedhulumiwa, walipwe fidia, na sheria zibadilishwe. Miaka sitini na kitu baada ya Wameru, Watanzania tena wakasimama mbele ya dunia kulilia nyumba na ardhi. Safari hii aliyeshtakiwa hakuwa Mwingereza. Ilikuwa ni serikali yetu, na kanuni zilizotungwa chini ya bendera yetu.

Najua mtaniuliza, sasa tukae na uchungu huu hadi lini? Wapo watu hupenda kusema "mnyonge hana haki" na kukunja mikono, kana kwamba ni sheria ya mbinguni. Watazameni watu wa hadithi hii. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na nguvu. Wameru hawakuwa na bunduki, mama wa Muleba alikuwa mzee, wajane hawakuwa hata na paa lao. Walichofanya wote ni kukataa kuuita mpango ule kwa jina ambalo mwenye mpango alitaka wauite. Wakaenda mlango mmoja, ukafungwa, wakatafuta wa pili.

Na kanuni zenyewe hubadilika, ingawa polepole kama konokono. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki na kutumia ardhi ni batili. Sheria hiyohiyo imelianzisha Baraza la Ardhi la Kijiji, linalosuluhisha ugomvi wa mipaka na mashamba kabla haujafika mahakamani. Lina wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Kesho, kama mnaishi kijijini, ulizeni majina ya hao watatu. Ulizeni waliitwa lini mara ya mwisho, walikaa wapi, na walipozungumza, katibu aliyaandika maneno yao au aliweka kalamu chini.